Maji ya Moto Hayanuswi, Hupimwa

Felisita wa Kanazi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa shamba: migomba, maharage na kahawa kidogo. Ya pili ilikuwa moto. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alidamka, akaenda kwenye kituo cha viungo, akasukuma kuni chini ya boila na kusubiri maji ya bwawa yapate joto.

Bwawa lenyewe halikuwa la kuogelea. Lilikuwa dogo, la saruji, lenye vigae vya buluu. Maji yake yalimfika mtu mzima kifuani, na watu sita waliweza kuketi humo kwa pamoja. Mafundi wa kigeni walilijenga, wakafunga pampu, chujio na mabomba, wakakabidhi, wakaondoka. Tangu hapo watu wenye viungo vilivyokaza walikuja kufanya mazoezi. Mguu unaokataa kukunjika nje, ndani ya maji ya moto hulainika, ukakubali.

Ilikuwa mwaka 1998. Wilaya ya Ngara, mpakani, ilijaa wakimbizi kutoka Burundi. Kambini walitoka watu waliopigwa risasi na watu waliokanyaga mabomu ya ardhini. Vijijini walitoka watoto waliopooza na wazee walioanguka kwenye michikichi au kwenye miamba. Wote waliingia bwawa lile lile, kwa zamu.

Agness, binti wa Felisita, alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka tisa. Lori lililokatika breki lilimgonga akitoka shuleni. Mfupa uliunga, lakini goti lilipona likiwa limenyooka kama mpini wa jembe. Alipoketi darasani, mguu ulitokeza njiani na wenzake wakaukwaa. Baada ya miezi mitatu ya maji ya moto, goti lilianza kukunjika. Kidogo tu, lakini Felisita alikuwa akipima kwa kiganja chake kila wiki, na kila wiki kiganja kilipata nafasi zaidi.

Ndipo vikaja vipele.

Jumamosi moja Felisita alimvua Agness nguo ili amwogeshe. Kiunoni, mapajani na kwapani, pale nguo ya kuogea ilipobana, palikuwa na vipele vyekundu. Vingine vilikuwa na usaha kidogo nchani.

"Vinawasha tangu Jumanne, mama," Agness alisema.

Alfonce, mume wa Felisita, alisogea kutazama. Akatikisa kichwa.

"Aache kwenda," alisema. "Tulimpeleka kutibiwa mguu, sasa anaharibika ngozi."

"Haachi, baba Agness. Goti limeanza kukunjika."

"Na hivi vipele?"

"Vipele vina sababu. Nitaitafuta."

"Utaitafuta wapi, wewe mwasha moto?"

Neno lile lilimchoma Felisita, lakini alilimeza. Alimwogesha mwanawe kwa maji safi na sabuni, kisha akampeleka zahanati. Mganga alivitazama vipele.

"Huu ni uambukizo wa vinyweleo," alisema. "Mara nyingi hupona vyenyewe akikaa mbali na maji yaliyomdhuru. Akipata homa au vikizidi, mrudishe upesi. Lakini nenda ukatazame hayo maji yenu."

Hayo maji yenu. Maneno hayo alirudi nayo nyumbani.

Jumatatu alipofungua mlango wa bwawa, harufu ya dawa ilimpiga usoni hadi macho yakatoa machozi. Harufu hiyo ilikuwa imezidi kwa wiki tatu. Bwana Matiasi, msimamizi wa kituo, alikuwa amekwisha kutoa amri tangu wiki ya kwanza.

"Klorini imekuwa nyingi," alisema. "Kila mtu anaisikia. Badala ya vijiko vinne, weka viwili."

Felisita alikuwa ametii. Lakini harufu haikupungua. Badala yake, maji yalianza kuwa na ukungu, na pembeni mwa vigae palikuwa na utelezi.

Jumatatu hiyo watu walikuwa wamejaa barazani. Bernadetha, jirani yake Felisita, alikuwa amembeba mwanawe Xavery, mwenye mguu uliopooza. Alimfunua mgongo.

"Tazameni!" alisema. "Mtoto wangu hakuwa hivi mpaka Jumanne. Ni hao watu wa kambini. Wanatuletea magonjwa yao, halafu wanaingia maji mamoja na watoto wetu."

Watu wengine waliitikia kwa sauti. Kwenye benchi la mwisho walikuwa wamekaa wakimbizi wanne. Waliinamisha vichwa. Mmoja wao alikuwa mzee Nduwayo, aliyepoteza unyayo wa kulia kwa bomu. Alikuwa ameweka magongo yake magotini, ameyashika kwa mikono miwili.

Bwana Matiasi alitoka ofisini.

"Nimesikia," alisema. "Kuanzia leo wakimbizi hawataingia bwawani. Mama Agness, washa moto. Wenyeji wataingia saa nne."

Felisita alisimama na kijinga cha moto mkononi. Aliwatazama watoto. Akamtazama mzee Nduwayo. Kisha akakitumbukiza kijinga kwenye ndoo ya maji. Kikazima kwa mlio.

"Siwashi," alisema.

Bwana Matiasi alimsogelea.

"Unasemaje?" aliuliza Matiasi.

"Siwashi moto, na hakuna mtu atakayeingia. Si mkimbizi, si mwenyeji, si mwanangu. Maji haya yana kasoro."

"Nani kakupa cheo cha kuamua?"

"Vipele vya mwanangu."

Felisita alikwenda kwenye mlango wa bwawa, akabana kufuli, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake. Alijua anaweza kufukuzwa kazi siku ile ile. Lakini miguu yake haikusogea mlangoni.

Akamgeukia Bernadetha.

"Mama Xavery, unasema wakimbizi ndio walioleta. Mzee Nduwayo, samahani, tuonyeshe kwapani."

Mzee akapandisha shati. Kwapani mwake palikuwa na vipele vile vile.

"Vimekuanza lini, mzee?"

"Jumanne iliyopita."

"Jumanne hiyo hiyo viliwaanza Agness na Xavery," alisema Felisita. "Kama yeye ndiye aliyeleta, angeumwa kabla yetu. Tumeumwa pamoja kwa sababu tumeingia maji mamoja."

Bernadetha akashusha nguo ya Xavery, akamfunika mgongo.

Mzee Nduwayo alisogeza magongo yake, akainuka. Alizungumza Kiswahili polepole, na neno likimkimbia alilishika kwa Kirundi. Hapo Ngara hilo halikuwa tatizo, maana Kihangaza, lugha ya wenyeji, na Kirundi ni ndugu.

"Bwana Matiasi, nilikwambia mwezi uliopita. Mimi nilitunza mabwawa ya hoteli kule Bujumbura miaka kumi na tisa. Mojawapo lilikuwa la maji ya moto, kama hili. Uliniambia mgonjwa atibiwe, asifundishe. Leo nakuomba kitu kimoja tu. Kuna kisanduku cha buluu kwenye stoo yako. Nilikiona siku mlango ulipokuwa wazi. Kilete."

"Kile kina maandishi ya Kifaransa," alisema Matiasi. "Hakuna anayekielewa."

"Mimi naelewa."

Koleta, mtaalamu wa mazoezi, hakungoja amri. Alikwenda stoo, akarudi na kisanduku. Vumbi lilikuwa juu yake nene. Ndani mlikuwa na vichupa viwili vya kioo, vidonge vidogo ndani ya karatasi, na kibao chenye rangi za waridi kutoka hafifu hadi nzito. Kando ya kila rangi palikuwa na namba.

Mzee alimpa Felisita kichupa.

"Chota wewe. Si juu juu. Zamisha mkono mpaka kiwiko."

Felisita alifungua kufuli, akachota, akafunga tena. Mzee akatia kidonge cha kwanza na kutikisa. Watu walisogea. Maji yakawa na waridi hafifu mno, kama maji yaliyosuuza kikombe cha juisi.

"Soma namba," alisema mzee.

"Nusu," alisoma Felisita. "Haifiki hata moja."

"Kwenye maji ya moto inatakiwa tatu hadi tano. Hii inaitwa klorini huru. Ndiyo inayoua vijidudu. Hapa karibu haipo."

"Haiwezekani!" alisema Matiasi. "Dawa inanuka mpaka barabarani!"

"Ngoja," alisema mzee. Akatia kidonge cha pili katika kichupa kile kile. Waridi ikakolea, ikawa nyekundu ya kuiva. Felisita akalinganisha na kibao.

"Nne," alisema, na sauti yake ikapanda. "Mzee, imetoka wapi nne?"

"Kidonge cha pili kinaonyesha klorini yote, iliyo huru na iliyochoka. Nne toa nusu, ni tatu na nusu. Hiyo yote imechoka." Aliwatazama watu waliomzunguka. "Klorini ni kama askari. Aliye huru anatembea, akimwona mwizi anamkamata. Aliyechoka amekwisha kumkumbatia mwizi kwa mikono miwili. Akipita mwizi wa pili, atamshika na nini? Na hiyo harufu mnayoisikia ni ya hao waliochoka. Klorini huru hainuki sana."

Felisita alikitazama tena kibao.

"Kwa hiyo harufu ilipozidi, tulikuwa tunahitaji askari wapya," alisema. "Na sisi tukapunguza."

"Mkapunguza."

Watu wote walimgeukia Matiasi. Lakini Felisita aliinua mkono.

"Na mimi nina langu," alisema. "Askari hawa wamechoshwa na nini, mzee?"

"Jasho. Mkojo. Mafuta ya kujipaka. Kila mnachoingia nacho."

"Basi mimi ndiye ninayempaka mwanangu mafuta tangu utosini hadi unyayoni, ndipo namleta bwawani, ili aonekane mtoto wa watu. Sikumwogesha kwanza hata siku moja."

Bernadetha aliinamisha macho. Xavery naye aling'aa mafuta mikononi.

Mzee aliomba aone mitambo. Nyuma ya bwawa palikuwa na kibanda cha mabati. Ndani mlikuwa na mashine ambazo Felisita alikuwa akizifuta vumbi kwa miezi minane bila kujua hata moja inaitwaje.

"Hii ni pampu," mzee alieleza, akigonga kwa ncha ya gongo. "Ni moyo. Inavuta maji bwawani, inayapitisha kwenye chujio, inayarudisha. Mnaiwasha saa ngapi?"

"Saa moja kwa siku," alisema Felisita. "Tunabana dizeli."

"Moyo wako ukipiga saa moja kwa siku utakuwaje? Iwake kabla watu hawajaingia, na isizimwe mpaka wametoka na maji yamezunguka yote. Hili pipa kubwa ni chujio. Ndani mna mchanga. Uchafu unanasa humo. Na hii saa yenye mshale ni geji. Mshale uko wapi?"

"Umefika kwenye nyekundu."

"Chujio limeziba. Linaomba kuoshwa. Zungusha hiyo koki mpaka kwenye alama ya pili, ili maji yaingie kwa kinyume, kutoka chini kwenda juu, yafukuze uchafu nje. Lakini zima pampu kwanza. Ukizungusha koki pampu ikiwa inafanya kazi, utaivunja."

Felisita alizima pampu, akazungusha koki, akawasha tena. Bomba la kutolea maji likatapika. Maji yalitoka mazito, ya kahawia, kama pombe ya rubisi isiyochujwa, na uvundo ukajaa kibandani. Bernadetha aliziba pua kwa kanga.

"Watoto wetu walikuwa wakiketi ndani ya hiki?" aliuliza taratibu.

Bwana Matiasi alisimama mlangoni akitazama maji yale mpaka yakaanza kuwa meupe.

"Kuosha chujio kunapoteza maji," alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana sikuwahi kuwaagiza mlioshe. Nilidhani nabana matumizi."

"Bwana Matiasi," alisema Felisita, "ubane kwingine. Hapa hapabaniki. Na wakimbizi je?"

Matiasi alikohoa.

"Amri hiyo nimeiondoa."

"Waambie wenyewe. Wako barazani."

Alikwenda, akawaambia. Felisita alisimama nyuma yake mpaka alipomaliza.

Kazi ilichukua siku mbili. Walilimwaga bwawa lote. Mzee alikataza maji yale yasipelekwe migombani wala mtoni siku ile, mpaka yatulie shimoni na klorini iishe. Wanawake wa kijijini na wanawake wa kambini walipiga magoti ndani ya bwawa tupu, wakasugua utelezi kwa brashi. Bernadetha alikuja na brashi yake mwenyewe. Alfonce naye alikuja, akasomba ndoo, akamaliza, akakaa kwenye ukingo kumtazama mkewe.

Mzee alikuwa akimtajia Felisita majina ya vitu kwa Kifaransa. Felisita akaweka brashi chini.

"Mzee, nilisoma mpaka darasa la nne. Nisichokijua jina nitakiagizaje kikiharibika? Nitasema nini, leteni kile kidude? Tukipe kila kitu jina letu."

Wakaketi na kopo la rangi nyeupe. Kwenye pampu Felisita akaandika PAMPU, na chini yake, KWANZA ZIMA, NDIPO UGUSE KOKI. Kwenye pipa akaandika CHUJIO LA MCHANGA. Pale maji yanapoingilia kutoka bwawani palikuwa na kikapu cha kunasa nywele na majani. Mzee alitaja jina refu. Felisita akafikiri, akaandika KINASA TAKA. Karibu na boila akaandika NYUZI 35, BASI, kwa sababu maji yakizidi joto hudhoofisha watu, hasa wazee, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo.

Kulikuwa na kipimo kimoja kilichompa shida. Kwenye kisanduku kiliandikwa herufi mbili tu, p na H.

"Hiki kinapima uchachu wa maji," alisema mzee. "Rangi ikiwa ya manjano, maji ni machachu. Yanauma macho na kula vyuma. Ikiwa nyekundu ya zambarau, yamepita upande wa pili kama maji ya majivu. Hapo klorini hulegea, hata ukitia nyingi. Tunataka ya katikati, rangi ya chungwa. Saba na kidogo."

"Kumbe askari naye ana mahali anapopenda kufanyia kazi," alisema Felisita. Akaandika UCHACHU: SABA NA KIDOGO.

Mwisho mzee alimfundisha kutia dawa. Avae glovu. Achote maji kwenye ndoo kwanza, ndipo atie dawa ndani ya maji. Asitie kamwe maji juu ya dawa. Asichanganye klorini na dawa nyingine yoyote, wala sabuni ya chooni, kwa maana hewa itokayo humo huua. Kopo likae mahali pakavu, palipofungwa, mbali na watoto. Baada ya kutia, asiingie mtu mpaka maji yazunguke na yapimwe tena.

Ijumaa Felisita aliwasha moto. Alichota, akatia kidonge cha kwanza. Waridi ikasimama kwenye tatu. Akatia cha pili. Rangi haikusogea.

"Hakuna aliyechoka," alisema.

Kisha akasimama mlangoni na sabuni. Kila mtu aliogea nje kwanza. Mwenye kidonda kibichi alirudishwa, na mwenye kuharisha alirudishwa. Bernadetha alimleta Xavery akiwa ameng'aa mafuta kwa mazoea tu.

"Mama Xavery, mtoto akaoge."

"Nimemwogesha nyumbani, jirani."

"Na mafuta haya?"

Bernadetha alicheka kidogo, akamgeuza mtoto. Walipoingia, nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya mzee Nduwayo. Bernadetha akaketi hapo. Mzee akamshika Xavery mkono, akamfundisha kupiga maji kwa mguu wake.

Baada ya wiki mbili vipele vilikuwa vimeisha kwa wote. Mzee Nduwayo aliandikiwa kibali cha kutoka kambini mara tatu kwa wiki, na kwenye kibali hicho kazi yake iliandikwa: mwalimu wa maji. Akawafundisha Felisita na Bernadetha mpaka wakaweza kupima bila yeye. Bwana Matiasi akawa anakuja kila asubuhi kuuliza namba. Kwanza aliuliza kwa kununa. Baadaye aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Jumapili ya Pasaka iliyofuata, kanisani, padre aliinua mkate na watu wote wakapiga magoti. Agness alikuwa na desturi ya kusimama peke yake, mguu pembeni. Siku hiyo alishika benchi, akakunja goti moja, kisha, kwa kuuma meno, akakunja na la pili. Alfonce aliona. Hakuweza kuimba tena mpaka misa ilipoisha. Njiani alimwambia mkewe, "Mama Agness, nilikuita mwasha moto."

"Ni kweli nawasha moto," Felisita alijibu. "Lakini si hilo tu."

Miezi michache baadaye walikuja wageni wakubwa kutoka wilayani, pamoja na watu wa mashirika, magari manne. Walitaka kupiga picha wagonjwa wakiwa ndani ya maji. Walikuwa na haraka. Bwana Matiasi alikwenda mbio kwa Felisita.

"Wagonjwa waingie sasa hivi, wageni wanaondoka!"

Felisita alikuwa ameinua kichupa kwenye mwanga. Waridi ilikuwa kwenye mbili.

"Shikamooni, wageni," alisema bila kukishusha. "Maji hayajafika. Nusu saa."

"Mama, hawa ni viongozi," alinong'ona mmoja wa wasaidizi.

"Nimeona. Na hao walioketi pale ni watoto."

Matiasi alimtazama Felisita, akatazama kichupa. Kisha akawageukia wageni, akavuta benchi, akalipangusa kwa mkono.

"Karibuni mkae," alisema. "Hapa mpaka maji yapimwe."

Wageni wakakaa, wakasubiri.